Nyumba ya Mwisho Yenye Waya

Kitendawili, wajukuu: mgeni gani hali nyama wala hanywi maziwa, anakula ndoto zetu tu? Ni umeme. Huku kaskazini unalipiwa kwa ndoto, na bei ilipopanda, kampuni ikataka hata ndoto za watoto, kijiji kizima kilikata waya. Ilibaki nyumba ya Darmi, maana mama mkwe wake alipumua kwa mashine ya umeme.

Majirani wakajaa mlangoni. "Darmi, nyumba moja ikibaki, kampuni itasema wote tumekubali. Au ndoto za wanetu ni ugoro? Unakata, hukati?"

Darmi alishika waya. Ndani mashine ilikoroma, ikakoroma, ikanyamaza.

"Tumekata, jamani," ilijibu sauti nyembamba ya mama mkwe. "Swichi nimezima mwenyewe. Nendeni mkawalaze watoto."