Nyama ya Shule

"Wewe ni wa ndoo na fagio! Nani kakuuliza habari za nyama?" msimamizi wa machinjio alifoka, mate yakimruka.

"Trei hii ina minyoo ya tegu, kaka. Njoo uone mwenyewe," akajibu mama aliyekuwa akideki sakafu.

"Kaka yako nani? Umekuja juzi tu nchini kwetu, leo unatufundisha kazi! Eti daktari wa mifugo. Daktari gani anadeki?"

Wakata nyama wakaangua kicheko.

Kwao mama huyo alikagua nyama miaka kumi na mmoja. Hapa vyeti vyake havikutambuliwa, na kibali chake cha kuishi nchini kilitegemea kazi hii ya kudeki. Akabonyeza moyo wa ng'ombe uliopasuliwa. Vipunje vyeupe vikachomoza, laini kama mchele uliolowa.

"Pakieni!" msimamizi akaamuru. "Inakwenda shuleni, watoto hawachagui."

Kwao, nyama iliyokataliwa ilimwagiwa dawa palepale, asije mtu akaila.

Mama akainua ndoo yake kwa mikono miwili, akaimimina dawa yote ya kudekia juu ya trei. Nyama ikageuka buluu.

"Haya," akamwambia msimamizi. "Pakia."