Ua Moja la Sabir

Mwalimu wa bayolojia alikuwa ameapa kwamba Sabir akifanya utani tena, atamrudisha kwao Ogembo amlete babake. Leo aliagiza kila mwanafunzi alete ua moja. Wenzake waliweka mezani maua makubwa ya manjano ya alizeti. Sabir, kwa taadhima kuu, aliweka kitu cha manjano kilicho chembamba kuliko punje ya wimbi.

"Wewe! Ua liko wapi?"

"Ndilo hilo, Mwalimu. Hawa wamekuletea vikapu vizima. Hapo katikati ya kila alizeti maua madogo yamebanana kama sisi bwenini. Mimi nimechomoa moja kwa pini."

Darasa likaangua kicheko. Mwalimu hakucheka. Aliinama na lenzi, akaona kijibomba chenye ncha tano, na ndani yake kijiti chenye panda mbili, kimejaa chavua: ua kamili.

"Sabir," alisema bila kuinua kichwa, "sogeza kiti chako hapa."