Mchoma Nguruwe wa Mwisho Herefordshire

“Ngozi hailii,” alisema Gwenda, na kipande chenyewe kikapasuka mdomoni mwake kwa kishindo hata kuku wa uani wakageuza shingo.

Bwana Preece, mchoma nguruwe, alishika kiuno. Lilikuwa pande la mtu, na mashavu yake yalikuwa yameiva kwa joto la tanuri lake la magurudumu.

“Hailii? Dada, hiyo imesikika mpaka mjini. Hebu tafuna tena.”

Gwenda akatafuna tena. Ikalia tena. Mke wa Preece, aliyekuwa akipasua skonzi za kuwekea nyama, akakohoa ili asicheke.

Watu wa huko hawana mchezo na ngozi ya nguruwe wa harusi. Isipokauka ikalia kwenye meno, wageni watasema mpaka mtoto wa kwanza azaliwe. Gwenda alilijua hilo, na ngozi ndiyo aliyoanza nayo kila walikokwenda kuonja, yeye na Clive aliyesimama kando yake. Ikikosa kosa, alihamia kwingine. Kule Ledbury alisema rojo la matofaa lilikuwa tamu kama dawa ya kikohozi. Kule Bromyard alilalamika kwamba nguruwe alikuwa akimkodolea macho. Kule Ross alimsingizia mbwa wa mchomaji kwamba ameilamba nyama, hata Clive akaona aibu.

Kote huko waliaga kwa upole, kama wafanyavyo watu wa kwao wasiopenda kumkatalia mtu usoni. “Tutafikiria,” walisema, kisha wakaingia kwenye gari la Clive wakacheka njia nzima.

Gwenda alizipenda mno Jumamosi hizo. Wiki nzima alikuwa akizingojea. Lakini wachoma nguruwe nao huisha, na Preece alikuwa wa mwisho. Nguruwe huyu akubaliwe au akataliwe, safari zimekwisha, na baada ya safari Gwenda hakujua kungekuwa na nini baina yake na Clive. Alitafuna polepole, akiomba apate kasoro yoyote ya kuwarudisha hapa wiki ijayo kuonja upya. Nyama ilikuwa laini, chumvi imekaa sawa, majani ya ndani yananukia. Alitamani kulia.

Clive naye leo hakuwa Clive. Hakumtania hata mara moja. Alisimama tu na skonzi yake mkononi, rojo likimchuruzikia kwenye kiatu.

“Wageni wangapi?” aliuliza Preece.

“Themanini,” alisema Gwenda.

“Mia na ishirini,” alisema Clive papo hapo.

Wakatazamana.

“Ndugu zake huja bila kualikwa,” Gwenda alieleza.

“Sawa. Na wasiokula nyama?”

“Shangazi yangu, Prudence.”

“Nilidhani Prudence ndiye asiyekula matofaa,” alisema Clive.

“Vyote viwili. Ana tabu zake.”

Mke wa Preece alikuwa amekwisha kuvikagua vidole vya Gwenda, kama wanawake wote wa huko wanavyofanya. “Na pete je, mwanangu? Usiwe mchoyo, tuione basi.”

“Iko kwa sonara,” alijibu Gwenda upesi. “Ilikuwa inanibana.”

Preece akamwinamia mkewe na kumnong’oneza kwa sauti iliyofika mpaka barabarani. “Hawa watafika kanisani kweli?”

“Kwani sisi tulikuwaje? Si ulinikimbia wiki nzima kwa sababu ya hema la harusi?” mkewe alimjibu. “Mwache binti ale.”

Preece akapangusa kisu. Alisema amebakiwa na Jumamosi moja tu kiangazi chote, ile ya katikati ya Juni, na kuna wachumba wengine wanakuja kuonja jioni hiyo hiyo. “Sitaki kuwabana. Ila mkinipa jibu sasa, siku ni yenu. Mkisema mtafikiria, siwalaumu, lakini jioni nitampa mwingine.”

Gwenda akashusha pumzi. Basi yamekwisha, aliwaza, na moyo ukamuuma kuliko alivyotarajia. Akajifuta midomo, akavaa tabasamu lake la kuagia.

“Tumeshukuru sana, Bwana Preece. Ni nyama nzuri, nzuri kabisa. Sasa sisi tutafiki…”

“Tunaichukua,” alisema Clive.

Gwenda akamkanyaga mguu. Clive hakuusogeza.

“Jumamosi hiyo ya Juni. Tuwekee, tafadhali. Na ngozi iwe hivi hivi.”

“Huyo ndiye mwanamume!” Preece akampiga bega nusura amwangushe. “Mama, njoo tulete ile pombe ya matofaa, ile ya pipa la nyuma. Hawa hawaondoki na koo kavu!” Mume na mke wakaingia ndani wakigombania nani ana ufunguo wa stoo.

Mlango ulipofungwa tu, Gwenda alimkamata Clive kwa mikono yote miwili iliyojaa mafuta na kumvuta nyuma ya tanuri.

“Una wazimu? Wale ni watu wazima, Clive, watatutengea siku yao! Harusi ya nani? Mimi na wewe ni majirani tu, tunazunguka kula kitimoto cha watu bure!”

“Najua,” alisema Clive, na masikio yake yalikuwa yameiva kuliko nguruwe. “Nimechoka kula bure, Gwenda. Mara hii tuwaalike watu.”