Namba ya Ubavuni

Mwanaidi aliliviringisha tairi lililopasuka mlimani na kumuua mumewe, akalilaza dukani mbele ya Msabaha, aliyeliuza.

“Nisomee hiyo namba ya ubavuni, kaka.”

Msabaha alivaa miwani. “Linabeba kilo mia tisa.”

“Na gari la mume wangu, la kupakia mawe?”

“Hilo linataka tairi la kilo elfu na mia mbili.”

“Hukumwambia.”

“Hakuuliza, mama. Alitaka lenye meno marefu, la kupandia mlima. Hapa wote huangalia meno tu.”

“Wewe ndiye uliyejua kusoma.”

Nje, dereva mwingine wa mawe alikuwa amechuchumaa, amechomeka kidole kati ya meno ya tairi jipya la aina ileile kupima kina chake, anatabasamu.

Mwanaidi alimtazama Msabaha. Msabaha alivua miwani, akaifuta, akaitia mfukoni.