Ndani ya Kanzu

Mjinga siku ile alikuwa Machano mwenyewe. Daktari alishamwonya kuwa kano ya bega imechanika, na akipuuza, gegedu lililo kati ya mifupa litazidi kusagika mwaka hadi mwaka. Hakumwambia mtu. Sasa bwana harusi anangoja msikitini aozwe binti, na baba mtu amenasa ndani ya kanzu kama kuku tengani: kichwa hakitoki, mkono haupandi wala haushuki.

“Vuta polepole, Mama Zuhra! Nililalia bega vibaya tu.”

“Tangu mwaka juzi?” Mkewe akachukua mkasi.

“Usikate! Nitamwozaje mwanangu na kanzu iliyochanika?”

“Kanzu nitaishona sasa hivi, mume wangu. Hilo bega ulilonificha, nani atalishona?”