Chini ya Jukwaa la Uhuru

Siku ya Uhuru, kabla wimbo wa taifa haujaanza, nilisikia ubao wa katikati ukilia. Jukwaa lile la Keko nililipigilia mwenyewe, siku tatu bila usingizi. Wazee kumi walishasimama juu yake, na mlingoti wa bendera umefungwa kwenye ubao huo huo.

Nikajipenyeza chini, nikaukinga ubao kwa bega.

Kule niliona soli za viatu tu, kupitia nyufa. Vumbi la mbao likanidondokea machoni. Watu wakaimba, nami nikaimba hadi wimbo ukaisha.

Mke wangu alinikuta nimekaa juu ya maranda, bega limevimba.

"Baba Demetria, umeiona bendera yetu ilivyopanda?"

"Haikuanguka," nikamwambia.