Kioo cha Kutazama Kirua

"Mzee yeyote akija na jani mkononi asipande lifti," Jackson alimkumbusha Denis, mlinzi wa getini. "Hata akija na barua ya askofu."

Denis alicheka, kisha akaona bosi wake hacheki. Wiki ile alikuwa ameshamrudisha mzee yule yule mara tatu, na mara zote alikuja na jani moja refu, bichi, amelishika kwa mikono miwili.

Denis ni mtu wa Singida, asingejua. Jani lile ni sale. Kwa Wachagga, aliyekosa huchuma sale akampelekea aliyemkosea. Likishapokelewa, ugomvi umekwisha hapo hapo, hata uwe wa damu. Kulikataa uso kwa uso ni kujitafutia laana. Ukitaka kubaki na hasira yako, hakikisha halikufikii. Na Jackson aliipenda hasira yake. Alikuwa ameilea miaka thelathini na miwili, ikanona.

Alikuwa na miaka saba baba yake alipofariki. Wiki tatu baada ya mazishi, yeye na mama yake, Yuditha, waliteremka kutoka Kirua Vunjo na godoro moja, wakapanga chumba Kiboriloni. Yuditha akauza mitumba juani mpaka ngozi ya shingo ikabadilika rangi.

"Mama, kwa nini tumeondoka nyumbani?"

"Baba yako mdogo ametufukuza," Yuditha alijibu, na habari ile hakuirudia tena. Baba mdogo, Eliufoo, alibaki kihambani, kwenye shamba la ukoo, na migomba, kahawa, na kaburi la kaka yake.

Jackson alikua, akafanikiwa katika kazi ya kupandisha wageni mlimani, akanunua ghorofa ya juu kabisa ya jengo refu mjini Moshi na kuikarabati yote. Aliweka jiko la marumaru, vigae vya kujiona uso, na bafu ambalo mama yake aliogopa kulitumia. Ukuta wa mashariki aliubomoa wote, akaweka kioo kutoka sakafuni hadi darini.

Fundi alimshauri kioo kikae kaskazini. Kibo iko huko, na kila mwenye uwezo Moshi anataka kuamka akiitazama. Jackson akasema mlima ameuona vya kutosha. Alichotaka kuona ni miteremko ya Kirua, na kwa darubini nzuri aliliona bati jekundu la Eliufoo katikati ya migomba.

Wanasema subira huvuta heri. Ya Jackson ilivuta tingatinga.

Alifungua kesi kudai kihamba cha baba yake. Mahakamani, Eliufoo hakuwa na karatasi hata moja. Alidai mambo yalimalizwa kihalali, mbele ya wazee wanne, kwenye pipa la pombe ya mbege. Wazee gani? Wote wameshazikwa. Watu walicheka, na Jackson alicheka kuwashinda. Yuditha alipoitwa kutoa ushahidi alisema maneno machache tu: "Ni kama mwanangu alivyoeleza." Akarudi kukaa. Hukumu ikatoka kwamba Eliufoo ahame na nyumba ibomolewe.

Ijumaa, siku moja kabla ya kubomoa, simu ya getini ililia. Denis alikuwa amemwonea mzee huruma, akampa azungumze.

"Jackson, mwanangu. Naomba nipande huko juu dakika moja."

Shikamoo haikutoka. "Una jani?"

"Ninalo."

"Basi umekiri mwenyewe. Asiye na kosa habebi sale."

"Mimi natafuta amani tu, baba. Nina miaka sabini na tisa, nitaanza wapi? Muulize mama yako."

"Nilimuuliza nikiwa na miaka saba," Jackson alisema, akakata simu.

Usiku ule alisimulia mazungumzo yale mezani, huku akiigiza sauti ya mzee. Yuditha aliacha mtori wake ukapoa, akaenda kulala.

Jumamosi saa mbili asubuhi ukungu ulikuwa umeshapanda. Jackson aliweka kiti mbele ya kioo, akashika darubini. Alitaka mama yake awe kando yake, lakini Yuditha alikuwa ameondoka alfajiri bila kuaga. Hata siku nyingine hakupapenda mahali pale. Tangu ahamie alikaa amekipa kioo mgongo, akisingizia kizunguzungu cha ghorofa.

Tingatinga lilifika. Likasukuma ukuta mara moja, mara mbili. Bati jekundu likakunjika, likazama katika vumbi, na Jackson akasikia mlango wa lifti ukifunguka nyuma yake.

"Mama, njoo uone! Limeanguka!" Raha aliyoisikia ilikuwa ya kweli, tusimsingizie. Machozi yalimlenga. "Miaka yote ile ya Kiboriloni, mama! Leo tumemlipa!"

Akageuka.

Yuditha alikuwa amepiga magoti juu ya vigae, na gauni lake la ibada, amenyoosha mikono yote miwili. Katika viganja vyake lililala jani la sale.

Jackson alirudi nyuma mpaka mgongo ukagonga kioo.

"Mama, inuka! Amekutuma, eeh? Amepitia kwako?"

"Eliufoo hajui kama niko hapa."

"Basi unamwombea wewe. Usinifanyie hivyo, mama. Kwa ajili ya mtu yule sipokei."

"Simwombei mtu," Yuditha alisema. "Pokea, mwanangu. Hili ni langu. Kihamba nilikiuza mimi."